Napandisha kinanda, watu wanalia: je, hii bado ni ibada?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nimeoa na tuna watoto wawili, na kazi inayonilisha ni ufundi wa mitambo ya sauti. Siku za wiki nafunga spika kwenye harusi, semina na mikutano ya hadhara, na Jumapili nakaa nyuma ya kanisa kwenye meza ya miksa nikiihudumia ibada ya pili ya usharika wetu wa Kilutheri, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Kazi hiyo ya Jumapili naifanya bila malipo, kwa sababu nilibatizwa humo, nikapata kipaimara humo, na nilitaka kumtolea Mungu kile ninachokiweza.

Mchungaji wetu wa sasa alipofika, ibada ya pili ilikuwa imepoa kabisa, na vijana wengi walikuwa wamehamia makanisa mengine. Akaanzisha timu ya sifa na kuabudu, akawaamini vijana na kuwapa nafasi, na leo wanaochelewa hukaa nje chini ya turubai. Simlaumu kwa hilo, na nakuomba usije ukadhani nina ugomvi naye. Ni mtu mwenye upendo. Mtoto wetu wa kwanza alipolazwa hospitalini, alikesha nasi.

Tatizo langu ni lile ninalolijua kwa sababu ya kazi yangu. Jumamosi jioni, baada ya mazoezi, napewa karatasi ya ratiba. Zamani ilikuwa na namba za nyimbo na jina la msomaji wa somo, basi. Siku hizi inaandikwa hivi, na hapa nanukuu ile ya juzi: "Wimbo wa tatu: taratibu, taa zipungue, mikono juu. Maombezi: kinanda chini chini, watu walie. Matoleo: ngoma zirudi kwa nguvu." Anayetekeleza hayo ni mimi. Mchungaji akianza kuomba, napandisha polepole ile sauti ndefu ya nyuzi ya kinanda, naongeza mwangwi kidogo kwenye kipaza sauti chake, napunguza besi ili maneno yake yasimame peke yake, na hata hajafika mbali, vilio vimeshaanza upande wa akina mama. Jumapili moja waya ulikorofisha, nikachelewa kukipandisha kinanda, na vilio navyo vikachelewa. Tangu siku hiyo sijaweza kuomba nikiwa kwenye meza ile. Watu wakifumba macho, mimi natazama taa za miksa.

Yapo mengine. Umeme ulikatika katikati ya maombezi, na jenereta ikagoma kuwaka. Kiongozi wa sifa akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba tukae, tusubiri. Tukakaa. Watu wakaanza kupiga soga na wengine wakachungulia simu, hadi jenereta ilipowaka, kinanda kikarudi, na maombi yakaendelea pale yalipoishia. Hakuna aliyeona ajabu. Ungamo la dhambi nalo limefupishwa ili nyimbo zipate nafasi, na mara nyingi husomwa huku mpiga gitaa la besi akijaribu nyuzi zake na mimi nikimpa ishara ya mkono kwamba inatosha.

Sasa limekuja hili. Baraza la wazee limekubali kufanya harambee ili kabla ya Pasaka tununue skrini kubwa ya LED, taa za jukwaani zinazozunguka na mashine ya moshi. Nimeombwa niandae orodha ya vifaa na bei, niiwasilishe kwenye kikao kijacho. Nikikataa watampata fundi mwingine. Nikikubali, duka ninalonunulia vifaa vyangu hunipa kamisheni kama kawaida, na mwaka huu kazi za harusi zimekuwa chache.

Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu na mpiga tarumbeta, ameacha kuja ibada ya pili. Anasema ile si ibada, ni tamasha lenye matoleo. Anaamkia ibada ya kwanza, na wajukuu zake hawamwoni tena Jumapili. Mke wangu, kwa upande mwingine, ni mwimbaji katika timu ya sifa. Nilipomwambia kwamba ninayoyaona pale ni maigizo, alinyamaza siku nzima, kisha akanijibu kwamba ninamzimisha Roho kwa sababu moyo wangu umekauka. Toka hapo hatuzungumzi habari za kanisa nyumbani.

Naomba unisaidie. Je, niandae orodha ile? Niache kabisa huduma ya mitambo? Niihamishe familia? Na je, mtu anayebonyeza vitufe ili wengine waguswe na Roho Mtakatifu, ilhali yeye mwenyewe hahisi chochote, si mnafiki?

Fundi wa nyuma ya kanisa,
Dar es Salaam.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika bila kumsema vibaya mtu. Barua nyingi ninazopokea kuhusu makanisa huja zikiwa tayari na mshitakiwa, na kwako nimeona mtu anayempenda mchungaji wake, anayemheshimu baba yake, anayemtaka mkewe amwelewe, na ambaye hata hivyo hawezi kujisahaulisha kile ambacho mikono yake inafanya kila Jumapili.

Nikikusoma vizuri, mambo yaliyokuelemea ni zaidi ya moja, na yamefungwa pamoja kiasi kwamba ukivuta hili unakaza lile. Lipo la dhamiri: unahisi kwamba watu wanaongozwa kulia bila wao kujua. Lipo la roho yako, kwamba huwezi tena kuomba mahali ulipozoea kuomba. Lipo la nyumbani, kwa maana ya baba aliyeondoka na mke aliyenyamaza. Na lipo la orodha, ambalo lina tarehe na lina pesa ndani yake. Kwa sehemu kubwa ya barua umeyaeleza kana kwamba swali ni moja tu, kama ibada yenu ni ya kweli au ni burudani, na nadhani hapo ndipo unapojibana, kwa sababu hata ungepata jibu la swali hilo kesho asubuhi, bado usingejua la kumwambia mkeo jioni.

Hata hivyo tuanze na swali hilo, kwa kuwa ni zito na ni la zamani kuliko umeme. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika mwaka 400 hivi kwamba kila alipojikuta akiguswa zaidi na sauti ya mwimbaji kuliko na yale yanayoimbwa, alijihesabu kuwa ametenda dhambi, na akaona heri asingemsikia mwimbaji yule. Lakini alikumbuka pia machozi aliyoyatoa kanisani siku za mwanzo za imani yake, akaelekea kuukubali wimbo, bila kudai kwamba ametoa neno la mwisho. Huyu alikuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa la Magharibi, na alibaki akiyumba kati ya mawili hayo. Karne nyingi baadaye Huldrych Zwingli, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa huko Uswisi, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari, aliuondoa muziki katika ibada za Zürich. Kinanda cha kanisa kuu kikavunjwa mwaka 1527, na nyimbo hazikurudi katika makanisa ya mji ule hadi 1598. Martin Luther, ambaye kanisa lenu linabeba jina lake, alishika njia nyingine akaandika nyimbo ili watu wote waimbe. Hao walikuwa watu wa kizazi kimoja, wakisoma Biblia ileile, na wote wawili walimwogopa Mungu.

Nayasema haya kwa sababu ya baba yako. Anaposema ile ni tamasha, ni vyema ukumbuke kwamba tarumbeta alizozipiga zililetwa kwetu na wamisionari wa Kijerumani, na kwamba wengi wa wamisionari waliokuja nyakati zile walizikataza ngoma za wazee wetu kwa hoja inayofanana sana na yake: kwamba zinaamsha mwili, zinakumbusha sherehe za nje, na haziendani na utakatifu. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi alipiga marufuku piano na ngoma kanisani mwaka 1903, na leo ukiingia parokia nyingi za Tanzania utakuta kwaya inaimba misa kwa ngoma na kayamba, wala hakuna anayehisi kwamba heshima imepungua. Kwa hiyo chombo peke yake hakitupi jibu. Kinanda kinachokusumbua leo, miaka hamsini ijayo mjukuu wako huenda akakililia kwamba ndicho kilikuwa ibada ya kweli.

Lakini nisikupeleke mbali na jambo lako, kwa sababu wewe hukulalamikia kinanda. Umelalamikia karatasi. Sitakuficha kwamba maneno yale, "watu walie", yalinikaa vibaya hata mimi, nikayarudia mara kadhaa kabla ya kuendelea na barua. Ni jambo moja kuandika "wimbo wa taratibu" na kumwachia kila mmoja aitikie kwa namna atakavyojaliwa. Ni jambo jingine kuandika mwitikio wenyewe kwenye ratiba, kama vile machozi ni kipengele kati ya matangazo na matoleo. Na hili nalo halikuanzia usharikani kwenu. Charles Finney, mwanasheria wa Marekani aliyegeuka mhubiri, alichapisha mwaka 1835 mihadhara yake kuhusu uamsho, akifundisha kwamba uamsho si muujiza bali ni matokeo ya kutumia njia sahihi, kama mkulima anayepanda na kuvuna. Alikuwa na benchi maalumu mbele ya kanisa, ambako waliochomwa moyoni waliitwa waketi mbele ya macho ya wote. Mwaka 1843 mwanateolojia wa Pennsylvania, John Nevin, alimpinga kwa kitabu kizima kilicholenga benchi hilo, akihofu kwamba watu wataichukua hatua ya kwenda mbele na msisimko wake kuwa ndio wokovu wenyewe. Mchungaji wako, akijua au asijue, amerithi upande wa Finney. Wewe, ukiwa nyuma na hedifoni zako, unamsemea Nevin. Na ni lazima niseme kwamba waliookoka katika mikutano ya Finney, wakabadilika kweli, hawakuwa wachache.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole kuhusu dhana moja uliyoibeba. Unaamini kwamba kwa kuwa umeona kinachotangulia machozi, basi umeona kinachoyasababisha. Waya ulichelewa, vilio vikachelewa; ni kweli, na uliona sawasawa. Lakini mama anayelia pale mbele huenda amebeba mtoto aliyepotelea kwenye dawa za kulevya, au deni la kikoba, au daktari amempa majibu ambayo hajamwambia mtu, na wiki nzima hakupata mahali pa kuyatua. Kinanda kilimfungulia mlango. Kilichoingia mlangoni hukukiona, wala mimi sikioni. Kumbuka habari za Elisha katika 2 Wafalme sura ya tatu: akiwa ameghadhibika mbele ya mfalme wa Israeli, nabii yule aliagiza aletewe mpiga kinanda, na ilikuwa ni katika kupiga kwake ndipo mkono wa Bwana ulipomjia. Andiko halimlaumu Elisha, wala halisemi kwamba unabii ulikuwa wa kinanda. Na hekaluni kulikuwa na waimbaji stadi 288 kwa hesabu ya 1 Nyakati 25, waliofundishwa na kupangiwa zamu, kwa hiyo ufundi katika ibada si jambo la kuonea aibu.

Kwa upande wa pili, habari ya jenereta haiwezi kupita hivihivi. Umeisimulia kwa mistari michache, nami naiona ni nzito kuliko karatasi yenyewe. Watu waliokuwa wanaomba waliacha kuomba kwa sababu kifaa kimezimika, na hakuna aliyeona ajabu. Kama ningekuwa mzee wa kanisa kwenu, hilo ndilo ningependa lizungumzwe kikaoni kabla ya skrini, kwa sababu linauliza swali ambalo halimshitaki mtu: je, washarika wetu bado wanaweza kuomba mchungaji akiwa kimya na mitambo imezimwa? Inawezekana wanaweza, ila hawajapewa nafasi. Inawezekana pia baadhi yao hawajawahi kufundishwa, kwa kuwa wamekuja kanisani wakati ambapo kila sekunde imejazwa sauti.

Baba yako na mkeo wanakuvuta kila mmoja upande wake, kana kwamba uchague kati ya kicho na furaha. Mimi ningekuomba usome 2 Samweli 6 yote kwa pamoja, maana wengi wetu tunaisoma nusu. Anayependa shangwe hunukuu Daudi akicheza kwa nguvu zake zote na Mikali akimdharau dirishani. Anayependa utulivu humnukuu Uza, aliyelishika sanduku la Mungu akafa papo hapo. Lakini ni sura moja, na Daudi ni yuleyule. Baada ya kifo cha Uza alimwogopa Bwana, akalipeleka sanduku nyumbani kwa Obed-edomu likakaa miezi mitatu, na alipolirudia alianza kwa kutoa dhabihu baada ya hatua sita, ndipo akacheza. Zingatia pia kwamba mara ya kwanza, kabla Uza hajafa, tayari palikuwa na vinubi na matari na kila namna ya vyombo, wala si vyombo hivyo vilivyoleta msiba. Sidhani sura hii inampa ushindi baba yako au mkeo. Inaweza lakini kuwapa kitu cha kusoma pamoja mezani, kama utafika siku ya kuwakutanisha.

Sasa hizo njia zilizo mbele yako.

Ya kwanza ni kuzungumza na mchungaji, nawe hukuitaja kabisa, jambo lililonishangaza kidogo kwa mtu aliyekesha nanyi hospitalini. Ukienda, nenda peke yako na ukiwa na karatasi ile mkononi, na nadhani itakusaidia kuanza kwa kumwuliza kuliko kumweleza. Mwulize anaposema "watu walie" anatamani nini kitokee kwao. Huenda hakuiandika yeye, bali kijana wa timu aliyejifunza kutoka kwenye video za makanisa ya nje. Huenda ataona haya mwenyewe akiisoma. Hatari iliyopo ni kwamba atasikia sauti ya baba yako nyuma ya sauti yako, hasa kama mzee ameshasema yale ya tamasha hadharani, na mazungumzo yakawa ya upande upi uko. Unaweza kupunguza hatari hiyo kwa kumweleza kwanza lile la kwako, kwamba huwezi kuomba, maana hilo ni la kichungaji na ni kazi yake kulisikia. Na ningekushauri utenganishe muziki wa maombezi na muziki wa matoleo. Juu ya ule wa maombezi watu wema wanaweza kutofautiana. Lakini kupandisha hisia za mtu sekunde chache kabla hajafungua pochi, hapo nadhani hata mchungaji anayependa ngoma atakuelewa haraka.

Ya pili ni orodha. Si lazima uichukue kama jambo la kukubali lote au kukataa lote. Wewe ni fundi, nao wameomba utaalamu wako. Unaweza kuwapa utaalamu kamili. Waandikie kwa sehemu mbili: vifaa vinavyowasaidia watu kusikia na kufuata ibada, kama spika za walio chini ya turubai, kipaza sauti kizuri cha msomaji wa masomo, skrini yenye maneno makubwa kwa wazee wasioona kitabu, na vifaa vinavyobadilisha mwonekano wa jukwaa, kama taa zinazozunguka na moshi. Weka bei, gharama za umeme na matengenezo, na swali la mwenye pumu aliyekaa kiti cha mbele, kisha uwaachie wazee kazi yao ya kuamua. Wapo watakaosema unahujumu mradi. Na lipo jambo jingine linaloweza kukuumiza, kwamba watachagua moshi, nawe ndiye utakayeufunga.

Katika orodha hiyohiyo kuna kitu umekipitia haraka. Kamisheni. Sikulaumu kwa kuipokea katika kazi za harusi, hayo ni mapatano yako na duka. Lakini hapa pesa ni za harambee, na mtu aliyeumizwa na jinsi matoleo yanavyochochewa kwa ngoma atalala vibaya zaidi akiwa na sehemu ya matoleo hayo mfukoni bila wazee kujua. Unaweza kuitaja wazi kikaoni na kuwaachia waamue, unaweza kuigeuza punguzo la bei kwa usharika, unaweza kuomba fundi mwingine naye alete bei zake. Najua mwaka umekuwa mgumu. Kwa hiyo sikuambii uiache. Nakuomba tu usiiache gizani, kwa sababu nahofu kwamba sehemu ya unafiki unaouhisi inatoka hapo na unaisingizia miksa.

Ya tatu ni kupumzika. Mfundishe kijana mmoja au wawili wa timu, mkae kwa zamu, na Jumapili ambazo si zamu yako uketi na watoto wako kwenye benchi. Mtu anayehudumu kila wiki bila kuhudumiwa hukauka, awe mpishi wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Jumapili au fundi, hata ibada ingekuwa tulivu kama ile ya kwanza. Hatari yake ni kwamba masikio yako hayatapumzika nawe; utakaa pale ukisikia kwamba besi imezidi, na utajikuta unahukumu ibada kutoka kitini badala ya mezani. Mkeo naye anaweza kulisoma kama kuwakimbia, usipomweleza mapema. Zipo Jumapili unazoweza kuamka na watoto mapema mkaenda kwa babu yao ibada ya kwanza. Naliona ni jema kwa sababu ya babu na wajukuu, mradi lisiwe maandamano dhidi ya mama yao.

Kuhama ndiyo njia ya mwisho, nami siifungi, maana zipo nyakati ambapo dhamiri ya mtu haimpi nafasi nyingine. Ila kwa sasa ungehama ukiwa hujazungumza na mchungaji, hujaelewana na mkeo, na hujajua kama ukavu ulionao utakufuata huko uendako. Pia mkeo angepoteza huduma yake na marafiki zake kwa mara moja, na angekumbuka ni nani aliyesababisha.

Nije kwa mkeo, kwa kuwa nadhani hapo ndipo pana jeraha bichi. Ulipomwambia "maigizo" ulikuwa unazungumzia karatasi na vitufe. Yeye hajaiona karatasi kwa macho yako. Alisikia kwamba machozi yake mwenyewe, anaposhika kipaza sauti na kuimba, ni ya uongo, na kwamba mume wake amekuwa akimtazama kutoka nyuma kwa muda wote huo akiwaza hivyo. Kama ndivyo alivyosikia, kunyamaza siku nzima ilikuwa ni upole. Jibu lake kwamba unamzimisha Roho linatoka 1 Wathesalonike 5:19, na mistari miwili tu mbele yake Paulo anawaambia watu walewale wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kwa hiyo mnaweza kuwa mmesimama katika andiko moja bila kujua. Lakini usianze na mistari. Anza kwa kumwuliza kinachomtokea anapoimba, umsikilize hadi mwisho, hata kama mara mbili tatu utatamani kumweleza jinsi ulivyorekebisha mwangwi wimbo ule.

Ukaniuliza kama wewe ni mnafiki. Mnafiki, kwa nijuavyo, huonyesha asichokuwa nacho ili asifiwe, nawe umekaa nyuma ambako hakuna anayekuona na umekiri kwamba huna. Zaidi ya hapo siwezi kukupimia. Naweza kukuambia kwamba kutohisi kitu si lazima iwe ni kukosa imani. Daktari anayefunga vidonda kila siku hatetemeki akiona damu, na haina maana kwamba hawahurumii wagonjwa. Ila kama ukavu huo umeingia hata katika sala zako za chumbani, usiuache uende mrefu bila kumwambia mchungaji au mzee mwingine unayemwamini.

Kikao bado, na kabla ya kikao yapo mazungumzo mawili ambayo hakuna fundi mwingine anayeweza kuitwa kukufanyia. Barua uliyoniandikia mimi inaeleza mambo ambayo mkeo hajayasikia kwa utulivu: kwamba ulitaka kumtolea Mungu kile unachokiweza, na kwamba sasa huwezi kuomba. Unaweza kumsomea, au kumwachia aisome mwenyewe. Ukiona yafaa, ondoa lile neno la maigizo.